Nimemsingizia Maulana Ili Nikakae Masaki

Mshauri Esta,

Sijui kama wewe ni mkubwa wangu au mdogo wangu, kwa hiyo shikamoo yangu naiacha hapa juu ya karatasi, kama ni yako ichukue, kama si yako nitunzie. Ukurasa wako nimeusoma tangu enzi za marehemu mume wangu, gazeti likifika yeye anachukua upande wa bei za korosho na mimi nachukua upande wa matatizo ya watu, na kila mara nilikuwa nasema, huyu naye si angenyamaza tu, mpaka leo zamu imenifikia mimi nimeona kumbe mtu hawezi kunyamaza, jambo linamkaa kooni hata chai haipiti. Niite Mama Haider wa Mikindani. Majina yote humu nimeyabadilisha, hata la mwanangu, kwa hiyo watu wa hapa wasihangaike kunitafuta.

Mimi ni Mhindi wa hukuhuku kwetu kusini, nimezaliwa Lindi, nikaolewa Mikindani nikiwa na miaka ishirini na mmoja, mume wangu nitamwita Mohsinali, alikuwa na duka la vitambaa Mtwara mjini, na tangu wiki ya pili ya ndoa mimi nikawa nyuma ya kaunta nakata vitenge na shuka, miaka thelathini na minane, halafu jioni tunarudi Mikindani kwenye nyumba ya wazee wake, nyumba ya mawe ambayo mlango wake unafungukia barabarani kabisa, ukipiga chafya ndani mtu wa nje anakuombea afya. Silalamiki, wallahi. Watu wa Mikindani wamenizikia mume, wameniuguzia mtoto, lakini nakwambia kweli, Mshauri, katika miaka yote hiyo sijawahi kutoka mlangoni bila kuulizwa naenda wapi, na nikirudi naulizwa nimetoka wapi na nimebeba nini, hata nikienda kutupa taka.

Mwanangu wa pekee, Haider, ni wakala wa forodha, alianzia hapahapa Bandari ya Mtwara akikimbizana na makaratasi ya korosho za watu, jua lote lake, na Mungu amemfungulia, kazi imekua na sasa anahamishia ofisi Dar es Salaam. Siku moja akatukalisha mimi na mkewe, Saba, akasema, "Tunahama wote. Mama, umesimama nyuma ya kaunta maisha yako yote. Safari hii tutakaa mtaa wa maana, na mtaa utachagua wewe." Nililia, Mshauri, nikajifuta na ncha ya mtandio nikalia tena. Saba naye akasema, "Mama akichagua, mimi nimeridhika." Ndivyo alivyo huyo mkamwana wangu, miaka kumi na miwili ndani ya nyumba yangu sijamsikia akipandisha sauti hata kwa paka.

Tukaenda Dar watatu, dalali mmoja anaitwa Godfrey akatuzungusha siku mbili. Siku ya kwanza alitupeleka Upanga, na Upanga si haba, sitaki kumdanganya mtu, fleti mpya gorofa ya nne, sakafu unajiona, lifti haitetemeki, msikiti wetu unaufikia kwa miguu, madrasa ya wajukuu zangu iko pale, hospitali iko pale, na mama yake Saba anakaa jengo hilohilo gorofa ya saba. Tulipokuwa tunasubiri lifti wakatokea wanawake watatu, "Wewe si wa Lindi? Si dada yake fulani?" na kabla chai ya mama yake Saba haijapoa walikuwa wameshajua presha yangu inapanda saa ngapi, nimeshawekwa kwenye kisomo cha Alhamisi, na kiti changu nimeshaonyeshwa. Wema mtupu. Nilitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Siku ya pili tukaenda Masaki.

Mshauri, nikwambie nini? Sisi wa Mtwara tukitaka kusema mtaa wa wenye nafasi tunasema Shangani, na Shangani yetu naipenda, lakini Masaki ni Shangani iliyokwenda shule ikarudi na shahada. Barabara imetandikwa vizuri, pembeni kuna njia ya kutembea kwa miguu ambayo hakuna aliyepanga nyanya juu yake, miti imeinama huku na huku mpaka inashikana juu, unatembea kivulini kuanzia kona mpaka kona, kuta nyeupe zimeangukiwa na maua ya zambarau na ya rangi ya chungwa, na kimya, Mshauri, kimya mpaka unasikia friji la nyumba linavyonguruma. Nyumba yenyewe ni ya gorofa moja, haijivuni, ina bustani na mti wa maua meupe yanayonukia, jikoni kuna dirisha refu juu ya sinki, nilifungua bomba maji yakatoka kwa nguvu nikaruka nyuma kama msichana, na juu kuna chumba ambacho ukifungua dirisha bahari iko pale, hujaifuata, imekufuata yenyewe. Nimezaliwa pwani na nimezeekea pwani lakini maisha yangu bahari nimeiona kwa kupita tu, nikiwahi duka.

Haider na Godfrey wakaanza kubishana habari ya tangi la maji, Saba akawa anapima madirisha, mimi nikatoka getini nikatembea. Peke yangu. Mlinzi akasema, "Shikamoo, mama," nikasema, "Marahaba," basi, imekwisha hapo. Nikapita geti la pili, la tatu, wakapita watu wanakimbia mazoezi, akapita mama mmoja na mbwa wake mrefu kanuna kuliko yeye, wote wananipungia mkono wanaendelea. Nikafika mwisho wa barabara, bahari hii hapa, nikasimama nikapigwa na upepo mpaka mtandio ukanivuka, na nikagundua hakuna mtu hata mmoja aliyeniuliza naenda wapi. Nina miaka hamsini na tisa. Nikacheka mwenyewe pale kama mtu aliyepungukiwa akili, halafu nikarudi polepole makusudi, nikishika kuta kwa kiganja.

Nilirudi garini Masaki imeshanijaa mdomoni, nasubiri tu kuulizwa, lakini Haider akawasha gari akasema, "Kwa kweli Upanga ndiyo yetu, au siyo, Mama? Msikiti, madrasa, mama yake Saba." Nikanywea. Nikajiuliza, mjane kama mimi naanzaje kusema nataka nyumba ya upepo, mbali na msikiti, mbali na jamaa, si watasema mume kafa mama sasa anataka raha? Nikasema, "Mimi naona zote nzuri." Saba alikuwa kiti cha nyuma, hakusema kitu. Haider akasema, "Basi, tukifika nyumbani tuombe istikhara."

Kwa wasiojua, istikhara kwetu ni kumwomba Mungu mwongozo, mtu akikwama kwenye jambo anampigia maulana, shehe wetu, simu, ananuia moyoni, maulana anasoma dua anashika tasbihi, anahesabu punje, inatoka nzuri au inatoka mbaya, na ikishatoka mtu mwenye adabu haendi kinyume nayo. Wazee wetu wamefungua maduka kwa istikhara, wameoza mabinti kwa istikhara, mimi mwenyewe niliolewa kwa istikhara. Tukakubaliana mimi ndiye nipige simu.

Jumamosi baada ya adhuhuri, Mikindani, nikampigia. Nikanuia Upanga. Maulana akasoma, akahesabu punje, akasema, "Nzuri, mama. Nzuri sana. Endeleeni, Mungu awabariki." Nikamshukuru, nikaweka simu juu ya meza, na Saba akatokea jikoni mikono imejaa unga wa chapati, akaniuliza, "Imetoka vipi, Mama?"

Mdomo wangu ukasema, "Upanga mbaya. Masaki nzuri."

Naapa sikupanga. Nilisikia maneno yameshatoka. Saba akasema, "Alhamdulillah, kama ndivyo, ndivyo," akarudi jikoni, na nilipomfuata alikuwa ameshika kitunguu anatoka machozi, nikajiambia ni kitunguu, lakini, Mshauri, kitunguu chenyewe kilikuwa hakijamenywa.

Tangu siku hiyo ni wiki ya tatu. Haider Upanga hataki hata kuisikia. Ameshakubaliana na mwenye nyumba wa Masaki na kusaini ni Alhamisi hii inayokuja. Mama yake Saba alipoambiwa istikhara ya lile jengo imetoka mbaya akapata hofu, amekaa humo miaka ishirini bila hata mafua, sasa hivi akipanda lifti anasoma dua kuanzia chini mpaka gorofa ya saba na anamuuliza binti yake kama na yeye ahame. Maulana mwezi ujao anakwenda Dar kwenye majlisi, mkusanyiko wetu wa dini, na anayo tabia ya kuuliza watu wamefikia wapi. Hayo yote ningeyabeba. Nisiloweza kulibeba ni hili, kwamba juzi Saba ameniletea mapazia, ameyashona mwenyewe kwa kitambaa cha duka letu, meupe yenye ukingo wa bluu, akasema, "Mama, kile chumba cha baharini ni chako, nilichukua vipimo siku ile ile. Wewe unapenda upepo." Mimi sikumwambia napenda upepo. Aliniona tu. Nikayashika yale mapazia nikataka ardhi inimeze.

Huyu mtoto aliletwa kwangu bibi harusi wa miaka ishirini na minne, akaacha mama yake Dar, kila mwaka anamwona mara moja au mbili, na sasa alikuwa apande gorofa tatu tu amkute, nami nimemnyang'anya kwa jina la Mungu. Lakini nikisema kweli leo, mwanangu ataniona mwongo wa dini, Saba hataniamini tena, jumuiya nzima itanicheka, na Masaki yangu nitaikosa. Na nikinyamaza, si wameshakubali? Si wameridhika? Kila nikifumba macho naiona ile barabara ya kivuli, naipenda, Mshauri, naipenda kama ambavyo sijapenda kitu tangu ujana wangu, na naona aibu kuipenda. Nifanye nini kabla ya Alhamisi?

Mama Haider, Mikindani

JIBU

Mama Haider,

Shikamoo yako nimeichukua, nimekuzidi miaka mitatu, kwa hiyo vuta kiti nikuseme kama dada.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa majina, maana umehangaika bure. Duka la vitambaa, Mhindi wa Lindi, mtoto wakala wa forodha, nyumba ya mawe mlango barabarani. Kuna mtu Mikindani ambaye hajakujua mpaka hapo? Ndiyo maana jibu hili nimekusomea kwenye simu Jumatatu, kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha, na gazeti tunalitoa Ijumaa. Una siku tatu. Na ninyi wenzangu wa Mikindani mnaosoma hapa Ijumaa, mwacheni mama wa watu akatupe taka zake kwa amani. Haendi mbali, atarudi.

Sasa tuje kwenye Masaki. Ulidhani nitakusema kwa kuitaka? Sikusemi hata kidogo. Mimi Masaki naijua. Kabla sijarudi Mtwara kuandika haya ninayoandika, nilipika kwenye nyumba moja ya Barabara ya Chole miaka tisa. Binti wa kijijini Mpapura, nimekulia kwenye mikorosho, nilikuwa naingilia mlango wa nyuma na kikapu mkononi, lakini kila asubuhi kabla ya kubonyeza kengele nilisimama dakika mbili chini ya miti ile nikivuta hewa ya bure. Ni pazuri. Anayesema si pazuri hajafika, au amefika akanyimwa kiti. Umeeleza vizuri mpaka nimeweka kalamu chini nikaikumbuka, hasa ile njia ya miguu isiyo na nyanya. Mtu aliyesimama kwenye kaunta miaka thelathini na minane, akalea, akazika, akaongoza duka, ana haki ya kutaka kivuli kuanzia kona mpaka kona. Na kutaka kutembea bila kuulizwa si kumkimbia mtu, wala si kumsahau marehemu. Mungu hakasiriki mjane akifurahia upepo. Kwa hilo nakupongeza, na natamani wanawake wengi wa rika letu wangejua wanachokitaka kama unavyojua wewe.

Lakini we mama! Maulana wa watu kakukosea nini? Mzee wa watu kashika tasbihi yake, kasoma dua yake, kakwambia nzuri, wewe umeichukua nzuri yake ukaigeuza mbaya kabla simu haijapoa! Na yule bibi wa gorofa ya saba? Nilicheka niliposoma anavyosoma dua kwenye lifti, sikufichi, nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akageuka, halafu nikaacha kucheka. Mama mtu mzima anaogopa nyumba yake mwenyewe, na aliyemtia hofu hiyo ni wewe. Hukudanganya kuhusu bei ya kitambaa. Umewadanganya watu mahali ambapo wameshazoea kutouliza mara mbili. Ndiyo maana kikakukwama kooni, na kikukwame tu, ni dalili nzuri.

Mimi ni Mkristo, istikhara siijui, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimuuliza mtu wa madhehebu yako, bila kutaja jina lako, istikhara huombwa lini. Akanijibu, huombwa mtu akishafikiri, akishashauriana na watu wake, akaona bado amekwama. Sasa niambie, Mama Haider, wewe ulikwama wapi? Tangu pale ulipopigwa na upepo ulikuwa unajua unataka nini. Mlishauriana saa ngapi? Haider alisema Upanga, wewe ukasema zote nzuri, Saba akanyamaza, mkaondoka. Hapo hamkuwa mmekwama, mlikuwa mmeogopana. Mkampelekea maulana kazi ambayo ilikuwa yenu, na jibu lilipokuja usilolipenda ukalibadilisha. Mungu mlimuuliza swali ambalo mngeweza kuulizana ndani ya gari.

Unaniuliza, si wameshakubali? Hawajakubali. Wametii. Wamekubali kitu ambacho hakikusemwa. Ukikaa kimya utahamia Masaki, ndiyo, na dirisha utafungua, na kila asubuhi utashika yale mapazia ya bluu ili uione bahari. Wewe mwenyewe umesema ulitaka ardhi ikumeze kwa kuyashika mara moja tu. Utayashika mara ngapi? Hiyo Masaki uliyoipenda ilikuwa ya mtu aliyetembea bila kuulizwa kitu. Ukiingia na uongo huu, kila maulana akipiga simu, kila mama yake Saba akija kukutembelea, utahisi unaulizwa.

Sasa nisikilize, na usiniruke hata moja.

Leo hii, si kesho, mwite Saba. Saba kwanza, kabla ya Haider, maana aliyeumizwa ni yeye. Usimwambie mbele ya watoto na usimwambie akiwa amesimama jikoni na kazi mkononi. Kaeni. Mwambie kama ulivyoniambia mimi, bila kupunguza: maulana alisema Upanga ni nzuri, mimi nikakwambia mbaya, nilikuwa naitaka Masaki na niliona aibu kusema. Usilie kabla hujamaliza. Ukilia mwanzoni atakuja kukubembeleza, namfahamu mtoto wa aina hiyo, na wewe utabembelezwa na kosa litabaki palepale halijasemwa.

Haider naye ataambiwa na wewe leo hiihii, asisikie kwa mkewe. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkumbushe umemnyonyesha. Amtaarifu mwenye nyumba kwamba Alhamisi isogezwe, mtu hafi kwa kusubiri wiki mbili, na akikataa kusogeza basi alikuwa na haraka kuliko nyinyi, nyumba nzuri Masaki haijawahi kuwa moja.

Halafu shika simu umpigie mama yake Saba, wewe mwenyewe kwa sauti yako, umwambie jengo lake halina neno, istikhara yake ilitoka nzuri sana, na aliyekosea ni wewe. Apande lifti yake akiwa na amani. Na maulana umpigie pia umwombe radhi, usisubiri akutane na habari hiyo kwenye majlisi mbele ya sinia la wali. Jumuiya itakucheka, ndiyo. Itakucheka wiki tatu, labda nne, mpaka apatikane mwingine. Umesimama kaunta ya vitambaa Mtwara mjini tangu usichana wako, umeshachekwa kwa mambo mangapi na bado upo?

Hapo sasa ndipo wanawake wengi wanaharibu, kwa hiyo sikiliza vizuri. Ukishakiri usikimbilie kusema, "Basi mimi Masaki siitaki tena, twendeni Upanga, mimi nitakufa hivi karibuni." Hapana! Huo nao ni uongo, na ni mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu unawafanya wao wawe wabaya. Unaitaka Masaki, sema unaitaka. Sema kwa nini, waambie habari ya lile geti la pili na la tatu, waambie ulicheka peke yako pale mwisho wa barabara. Mwanao hajui mama yake alicheka. Anadhani mama yake anachohitaji ni msikiti na dawa ya presha, na hilo si kosa lake, wewe ndiye uliyemfundisha hivyo kwa miaka yote. Mkishasemezana ndipo mtaona njia. Huenda mtakaa Masaki na gari likawa linampeleka Saba kwa mama yake siku anazotaka yeye, si siku anazopewa. Huenda mtakaa Upanga, na wewe kila Jumamosi asubuhi unachukua bajaji unavuka Daraja la Tanzanite, unashuka upande wa pili na viatu vya kutembelea, unatembea barabara zile zote za kivuli mpaka uchoke. Hakuna anayekatisha tiketi pale, nilitembea miaka tisa. Huenda Saba na mama yake nao watafurahia kuja kwenye hicho chumba cha upepo. Sijui. Mimi siwachagulii mtaa, mkichagua wenyewe mmechagua.

Nimebakiza jambo moja, na hili lilinikalia vibaya toka niliposoma barua yako mara ya kwanza, nikairudia mara tatu nikilitafuta na sikulipata. Umeniambia Haider alitaka nini. Umeniambia wewe ulitaka nini, na umeniambia vizuri mpaka nimekuonea wivu. Umeniambia wanawake wa lifti walitaka nini, na maulana alisema nini, na hata mbwa mrefu alivyonuna umeniambia. Saba umemweka kiti cha nyuma. Anashona mapazia, anashika kitunguu, anasema ameridhika. Mnadhani anataka Upanga kwa sababu mama yake yuko pale, na huenda ni kweli, machozi yale yalikuwa na sababu. Lakini huyo ndiye aliyekuangalia siku moja getini akajua unapenda upepo bila kuambiwa. Wewe umekaa naye miaka kumi na miwili.

Kwa hiyo leo ukishamaliza kukiri usinyanyuke, usishike tasbihi, usipige simu kwa mtu yeyote. Mgeukie umuulize, "Saba, mwanangu, wewe unataka kukaa wapi?" Halafu nyamaza. Atasema, "Popote, Mama." Muulize tena.

Esta